SOMO: Kupata ConfigService ya NestJS nje ya konstrakta

Wadau, swali hili nimelijibu mara nyingi mno: ConfigService (huduma ya kusoma mipangilio ndani ya NestJS, fremu ya kujengea programu za seva) unaipataje pale ambapo Nest haikuletei yenyewe kupitia konstrakta ya klasi? Naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. main.ts (faili linalowasha programu): baada ya NestFactory.create, andika `const config = app.get(ConfigService)`. Basi.

2. Skripti ya pembeni: tumia `NestFactory.createApplicationContext(AppModule)`, kisha app.get vilevile. Moduli zinawaka bila kufungua poti. Ukimaliza, `await app.close()`, la sivyo muunganisho wa hifadhidata unabaki wazi na skripti inaganda.

3. data-source.ts ya TypeORM (maktaba ya kuzungumza na hifadhidata): amri za migration (za kubadilisha muundo wa hifadhidata) zinalisoma faili hili Nest ikiwa haijawaka. Mstari wa kwanza uwe `import 'dotenv/config'`, unaopakia faili la mipangilio la .env, kisha soma process.env (thamani za mazingira ya programu).

4. Hapa ndipo nilipoumia. Juu ya auth.module.ts, nje ya klasi, niliandika `const SIRI = process.env.JWT_SECRET`, nikaipeleka kwenye JwtModule.register (moduli ya tokeni za kuingia). Kwenye seva ilikubali, maana thamani ilishawekwa kwenye mazingira. Kwenye kompyuta yangu: undefined. Siku nzima nakagua .env isiyo na kosa! Kumbe .env husomwa pale ConfigModule.forRoot() inapoitwa, ndani ya dekoreta (ile `@Module` juu ya klasi) ya AppModule, na faili zote ambazo AppModule inaziita hutangulia kutekelezwa. Mstari wangu ulishapita zamani.
ONYO: ndani ya moduli za Nest, usisome process.env juu ya faili wala ndani ya dekoreta (hatua ya 3 ni tofauti, dotenv imetangulia). Tumia registerAsync yenye `inject: [ConfigService]`, inayosoma thamani baada ya ConfigService kuwa tayari.

mgeni_07: Yangu undefined, msaada wa haraka.

Mwandishi: Faili gani, mstari wa ngapi? Hatua ya 4 umeisoma?

mgeni_07: Niliiruka.

Mwandishi: Isome kwanza.

nukta_mkato: Mkuu, kwenye hatua ya 3 nikiandika `new ConfigService()` kuna ubaya?

Mwandishi: Swali zuri. Itasoma process.env, mradi dotenv imetangulia. Ila thamani ulizopakia kwa `load` ya ConfigModule.forRoot haina, na ukaguzi wa validationSchema (kanuni za kukagua mipangilio) haujapita, hata thamani za msingi ulizoweka humo hutazipata. Msomaji ataiona ConfigService adhani vyote vipo. Bora process.env waziwazi.

nukta_mkato: Shukrani. Na DB_SSL=false kwenye .env mbona inawasha SSL (usimbaji wa muunganisho wa hifadhidata)? Nimeweka `get<boolean>`.

Mwandishi: Kila kilichomo kwenye process.env ni maandishi, na 'false' si maandishi matupu, kwa hiyo `if` inaihesabu kweli. `<boolean>` inaiambia TypeScript tu, thamani haibadiliki. Linganisha: `config.get('DB_SSL') === 'true'`.