Kupanda magnolia ndogo nyumbani, hatua kwa hatua

Kabla hujashika jembe, utoe mche wako kwenye chungu na upanguse udongo kidogo kwa vidole. Utaona mizizi minene, laini, mithili ya kamba mbichi, isiyo na vijizizi vingi vya pembeni. Mzizi wa magnolia, mti huu wa maua, ukikatika hupona polepole sana, na mara nyingi jeraha huanza kuoza. Karibu kila ninachokuelekeza hapa chini kinatokana na mizizi hiyo.

Hatua ya 1: Chagua aina inayobaki ndogo

Magnolia zina spishi zaidi ya 200, na baadhi ni miti mikubwa mno kwa bustani ya nyumbani. Magnolia grandiflora ya kawaida, ambayo asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, inaweza kupita mita 20. Kwa hiyo soma jina lote kwenye kibandiko cha mche, maana neno "magnolia" peke yake halikuambii chochote kuhusu ukubwa.

Ninayoipenda kuliko zote ni Magnolia stellata ya Japani. Hukua taratibu hadi mita 3 hivi, na maua yake meupe yana petali nyembamba 12 au zaidi zilizotawanyika kama miale ya nyota. Zipo pia zile zenye majina ya wanawake, kama 'Susan', 'Betty', 'Ann' na 'Jane', zilizozalishwa miaka ya 1950 kwenye bustani ya taifa ya miti ya Marekani, mjini Washington, kwa kuchavusha Magnolia stellata na Magnolia liliiflora. Zina maua ya zambarau na waridi, tena huchelewa kidogo kuchanua, na kuchelewa huko huziokoa na jalidi (baridi kali inayogandisha umande) ya mwisho wa msimu wa baridi.

Zote hizi hupukutisha majani na zinahitaji majira ya baridi ili zichanue vizuri. Kama kwako hakuna baridi, usijitese nazo. Tafuta 'Little Gem', ambayo ni grandiflora fupi isiyopukutisha majani na huanza kutoa maua ingali changa, au Magnolia figo ya China. Maua ya figo ni madogo, ya rangi ya malai, na jioni yenye joto hunukia kama ndizi mbivu.

Nunua mche uliobebeshwa (yaani kikonyo cha aina unayoitaka kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine) au uliotokana na kipandikizi, yaani kijiti kilichokatwa na kuoteshwa mizizi. Ukianza na mbegu utangoja miaka mingi, kwa aina nyingine zaidi ya 10, ndipo uone ua.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kudumu

Utapanda mara moja tu, kwani kuung'oa mti huu ili uuhamishe ni kuukatia mizizi. Simama pale unapopafikiria, uwazie mti wenye kimo cha mita 3 au 4 na upana unaokaribia huo. Uwe na nafasi hiyo yote mbali na ukuta na njia.

Unataka jua la angalau nusu siku na kinga ya upepo, maana petali zikisuguana hugeuka rangi ya kahawia. Penye jalidi, epuka upande unaopigwa na jua mara tu linapochomoza: tumba lililoganda usiku likiyeyushwa ghafla hufa.

Kisha pima udongo. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishazama lijaze tena. Ukikuta maji bado yametuama kesho yake, hapo hapafai. Magnolia hupenda udongo tifutifu wenye tindikali kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5. Udongo wenye chokaa nyingi utakuletea majani ya njano ambayo mishipa yake imebaki ya kijani, kwa sababu mti unashindwa kupata madini ya chuma.

Hatua ya 3: Panda, lakini usizamishe

Penye baridi, panda jalidi ikishapita. Kwingineko, mvua zinapoanza. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya chungu, lakini kina kisizidi kimo cha bonge la udongo lenye mizizi. Changanya mboji iliyooza vizuri na udongo uliouchimbua. Samadi mbichi usiiweke, huunguza mizizi.

Sasa chunguza kitako cha shina. Kuna mahali ambapo shina hupanuka kidogo kabla ya kugawanyika kuwa mizizi. Mara nyingi kitaluni huwa pamefunikwa na udongo, kwa hiyo pafute taratibu hadi upaone. Mpanuko huo lazima ubaki usawa wa ardhi, au juu yake kidogo.

Mti wangu wa kwanza niliuzamisha chini kiasi cha upana wa kiganja, nikidhani nausaidia kusimama imara. Miaka miwili haukuongeza hata tawi. Nilipoondoa udongo nikakuta gome la chini limekuwa jeusi, laini, lina harufu ya uozo. Haukupona, na uliniuma sana, kwa sababu ulikuwa na afya nilipouleta.

Rudisha udongo, ushindilie kwa mikono, usikanyage kwa miguu, halafu mwagilia hadi mapovu ya hewa yaishe.

Hatua ya 4: Maji, matandazo, na jembe lako likae mbali

Miaka 2 ya mwanzo, mvua isiponyesha, upe mti lita 15 hadi 20 kwa wiki, polepole. Chomeka kidole kwanza: udongo ukiwa bado na unyevu kwa kina cha kidole, ngoja. Tandaza majani makavu au maganda ya miti, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Magugu yang'oe kwa mkono. Mizizi iko juujuu, na palizi moja ya jembe inaweza kukunyima maua ya mwaka unaofuata.

Hatua ya 5: Pogoa kidogo, na kwa wakati wake

Magnolia za kupukutisha majani hutengeneza matumba ya maua miezi mingi kabla ya kuchanua. Yaguse wakati wa baridi: yamevikwa manyoya ya kijivu, laini kama sikio la paka mchanga, na ni manene kuliko machipukizi ya majani. Ukipogoa wakati huo, unayakata maua yenyewe. Ngoja maua yaishe, kisha toa matawi makavu na yanayosuguana, basi. Chipukizi linaloota chini ya mahali pa kubebesha liondoe mapema, lisije likautawala mti.

Majani yakinata na kuwa na masizi, geuza upande wa chini ukague matawi. Huenda kuna wadudu magamba wanaofyonza utomvu. Wasugue kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Ila ukikuta mbawakawa wadogo ndani ya ua, usipulize dawa yoyote. Hao ndio wachavushaji wake wa tangu kale. Petali nene na ngumu za magnolia zinastahimili kutambaliwa na kutafunwa nao, kwa hiyo waache wale chavua yao hadi ua lipukutike lenyewe.