Kabla ya Kulipia Tiba ya Sumaku kwa Magoti na Mgongo

Mkoani Dodoma mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na palizi huwainamisha watu shambani kwa wiki nyingi mfululizo. Kwa hiyo aliyenunua mkanda wa sumaku mwezi Machi akapata nafuu mwezi Mei hana budi kujiuliza kama kilichomsaidia ni sumaku au ni kuliweka jembe chini. Maumivu sugu hupanda na kushuka yenyewe, na tiba yoyote iliyoanza siku ya maumivu makali itaonekana kuwa imefanya kazi.

Anza kwa kuujua ugonjwa wenyewe. Goti lililosagika, jongo na baridi yabisi havitibiwi kwa njia moja, na katika maeneo ya wafugaji, mtu anayekunywa maziwa mabichi akaumwa mgongo na viungo pamoja na homa inayokuja na kuondoka anapaswa kupimwa brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, ambao hutibiwa kwa antibiotiki. Kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo. Ukiona goti limevimba na kuwa na moto, miguu inakufa ganzi, au mkojo unatoka bila kuzuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha uliza unauziwa sumaku ya aina gani, kwa maana zipo mbili zinazochanganywa kwa makusudi. Bangili, soli na mikanda huwa na sumaku tulivu, yaani ya kawaida ambayo nguvu yake haibadiliki, na tafiti hazijathibitisha kuwa sumaku hizo hupunguza maumivu. Maelezo kwamba zinavuta chuma kilichomo katika damu si ya kweli, kwa kuwa chuma cha himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hakivutwi kama msumari. Kingekuwa kinavutwa hivyo, hakuna mgonjwa ambaye angetoka salama kwenye mashine za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, ambazo nyingi zina nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Jaribu mwenyewe: weka nguo iliyokunjwa mara kadhaa kati ya mkanda na pini, uone kama pini bado inanata, kisha ufikirie unene wa ngozi na nyama hadi kufikia kiungo.

Aina ya pili ni mashine yenye koili, yaani waya uliozungushwa, inayopitisha umeme kwa mapigo, na uga wake wa sumaku unaobadilikabadilika huzalisha mikondo midogo ya umeme ndani ya mwili. Mwaka 1979 Marekani iliidhinisha teknolojia hiyo kwa mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga. Kwa goti lililosagika, baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu ya wastani na mengine hayakuonyesha, lakini hakuna uthibitisho kwamba gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) lililolika huota upya, hata kama muuzaji ana picha za kabla na baada.

Mwenye betri ya moyo, pampu ya insulini au kifaa cha usikivu kilichopandikizwa asiitumie mashine hii wala asikae karibu nayo, na mjamzito aiepuke. Mwenye vyuma vya upasuaji au kifafa amuulize daktari kwanza. Uliza pia kama mashine imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na utake bei ya matibabu yote, si ya siku moja.

Ukiamua kuijaribu, usianze wakati palizi inapokaribia kwisha. Kwa wiki mbili kabla ya kuanza, andika kila jioni maumivu yako kwa alama kutoka 0 hadi 10, pamoja na kazi moja inayokusumbua, kama vile kuchuchumaa chooni au kupanda daladala. Endelea kuandika wakati wa tiba, bila kubadilisha dawa isipokuwa kwa ushauri wa daktari, na bila kuacha mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, ambayo ushahidi wake kwa goti ni mzito kuliko wa sumaku yoyote. Baada ya wiki nne linganisha kurasa, na kama alama hazijashuka kwa mbili au zaidi na kuchuchumaa bado ni shida ile ile, usilipie awamu ya pili.