Pip ikigoma, anzia mistari ya chini

Vijana wanaoniletea kompyuta hapa Kirumba wana lalamiko moja: "Kaka, pandas imegoma." Pandas ni pakeji ya kuchambua data kwa lugha ya Python, na pip ndiyo programu inayosakinisha pakeji kama hizo. Ukiwauliza imeandika nini, hawajui, wameshafunga dirisha. Usifunge. Shuka hadi mistari ya mwisho ya yale maandishi mekundu, sababu huwa huko. Ya juu mengi ni maelezo ya safari tu.

Ukiona `ModuleNotFoundError` na pakeji umeshaisakinisha, mara nyingi mashine ina Python mbili: moja imepokea pakeji, nyingine ndiyo inayoendesha programu yako. Kwenye Windows andika `py --list` uzione zote. Halafu achana na `pip install` tupu. Andika `py -m pip install pandas`, au kwenye Linux `python3 -m pip install pandas`, ili pakeji iingie kwa Python uliyoiita wewe. Wanaoandikia programu kwenye VS Code wahakikishe imechagua Python hiyohiyo.

Majina nayo yanasumbua. Kwenye programu tunaandika `import cv2`, lakini pakeji ni `opencv-python`. Nayo `sklearn` husakinishwa kama `scikit-learn`, na `PIL` kama `pillow`. Usibahatishe. PyPI, ghala la mtandaoni ambako pip huchukua pakeji, haina mlinzi mlangoni, na wapo wanaoweka humo pakeji za hila zenye majina yanayofanana na ya kweli.

Wa Linux za Debian 12 na Ubuntu mpya watakutana na `externally-managed-environment`. Hapo mfumo unalinda Python yake, hakuna kilichoharibika. Mtu akikushauri `--break-system-packages`, msikilize kwa adabu kisha utengeneze mazingira yako ya pembeni, yaani venv: `python3 -m venv kazi`, halafu `source kazi/bin/activate`. Ikikataa, sakinisha kwanza `python3-venv` kwa apt.

`CERTIFICATE_VERIFY_FAILED`? Tazama saa na tarehe ya mashine kabla ya kulaumu mtandao. Kompyuta ya mtumba yenye betri ya saa iliyokufa huamini tuko miaka ya nyuma, hivyo huona cheti cha tovuti hakijaanza kutumika.

Sasa bando, linaloumiza kuliko yote. Kwa kawaida pip husubiri sekunde 15 tu bila kupata jibu, kisha hukata. Mtandao ukisuasua ongeza `--timeout 100`. Na kabla ya kushusha torch, pakeji ya akili bandia, kwenye Linux, jiulize kama mashine yako ina kadi ya michoro ya NVIDIA. Kama haina, ongeza `--index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu`, la sivyo utashusha mafaili makubwa ya CUDA, ya kuendeshea kadi hizo, ambayo hutayagusa kamwe.

Nikimtumia mpwa wangu wa Nansio pakeji, nazishusha huku Mwanza, `py -m pip download -d mzigo pandas`, naiweka folda hiyo ya `mzigo` kwenye flashi, flashi inapanda meli ya Ukerewe. Yeye anaandika `py -m pip install --no-index --find-links mzigo pandas`. Sharti toleo la Python na mfumo wa mashine vilingane pande zote mbili. Soma majina ya mafaili: `cp312` maana yake Python 3.12, na `win_amd64` ni Windows ya biti 64. Kwa hiyo kabla sijashusha chochote, namwambia aandike `py --version` anisomee kwa simu. Na flashi haiondoki hapa kabla sijazima data na kuujaribu huo mzigo ndani ya venv mpya.