Jinsi ya kuchagua topu ya mtoko kwenye mtumba bila kuponzwa na kumbukumbu

Topu ya mtoko huishi maisha ya ajabu. Hununuliwa kwa ajili ya usiku mmoja, huvaliwa mara mbili tatu, kisha hukaa kabatini miaka nenda miaka rudi kwa sababu mwenyewe haoni pa kuivalia na hana moyo wa kuigawa. Ndiyo maana kwenye mtumba fulana huwa zimelegea shingo na jinzi zimepauka magotini, ilhali blauzi ya satini au ya shanga iko karibu kama ilivyotoka dukani.

Tatizo ni kwamba nguo hizi zilishonwa zionekane kwenye mwanga hafifu, na juu ya hapo zinachezea hisia. Ukikutana na ile topu ya mgongo wazi uliyoililia ukiwa sekondari, mkono unafika kwenye pochi kabla macho hayajafika kwenye mshono. Mimi huchagua na kurekebisha nguo za mtumba, na ninashikilia kanuni moja: kumbukumbu ina haki ya kuchagua mtindo, lakini kununua au kuacha kunaamuliwa na kitambaa, mshono na tepu ya kupimia.

Hatua ya 1: Jua unatafuta ujana wa nani

Mwaka 1937 mwanahistoria wa mavazi wa Uingereza, James Laver, alipanga ratiba ya jinsi watu wanavyoiona nguo kadiri miaka inavyokwenda. Miaka 10 baada ya wakati wake inachukiza, miaka 20 ni kichekesho, 30 inafurahisha, 50 inapendeza kwa ukale wake, na ikifika 100 ina mahaba. Siku hizi ratiba hiyo imekwenda mbio. Topu za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo kwa hesabu ya Laver zingekuwa kichekesho, ndizo zinazogombewa na vijana ambao wakati huo hawakuwa wamezaliwa. Lakini ile sehemu ya "miaka 10 inachukiza" bado inafanya kazi barabara, na ndiyo yenye faida kwako. Blauzi za peplamu zilizotamba mwaka 2012 hivi, zile zinazochanua kiunoni, watu wanazipita tu. Ukipata yenye mshono mzuri na inakukaa, ichukue sasa, maana ikianza kupendwa tena bei haitakungoja.

Kila enzi ina tabia yake. Miaka ya 1970 ni disko: topu za kufunga shingoni, mgongo wazi, kitambaa chepesi cha kufumwa kinachoteleza mwilini na nyuzi za Lurex zinazometameta. Klabu ya Studio 54 ilifunguliwa New York mwaka 1977, na mbunifu Halston alikuwa hakosekani pale. Ukitazama picha za klabu hiyo utaona mitindo ambayo bado inaigwa. Miaka ya 1980 ilileta mabega ya sponji na shanga nzito. Miaka ya 1990 ikapunguza kila kitu: kamisoli za kamba nyembamba, satini iliyokatwa mshazari, mahameli ya kuvutika. Kisha zikaja topu za skafu zinazofungwa mgongoni kwa kamba mbili, na zile za shingo inayoanguka kwa mikunjo, zote zikivaliwa na jinzi ya kiuno cha chini.

Enzi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kelele zaidi leo, na si bure. Gauni la kijani la Versace alilovaa Jennifer Lopez kwenye tuzo za Grammy mwaka 2000 lilitafutwa mno mtandaoni, hata Eric Schmidt wa Google akaja kueleza kwamba ndilo lililowasukuma kuanzisha utafutaji wa picha. Mwaka 2002 Paris Hilton alivaa gauni la rangi ya fedha la mbunifu Julien Macdonald alipotimiza miaka 21. Mwaka 2016 mwanamitindo Kendall Jenner akatimiza 21 akiwa amevaa gauni lililoigwa kutoka kwa hilo. Binti wa kizazi kinachofuata anautamani ujana wa dada zake, na soko la mtumba linaishi kwa tamaa hiyo.

Ushauri wangu, na wapo wasioupenda: kama enzi hiyo uliiishi, vaa kipande chake kimoja tu na vingine viwe vya leo, la sivyo utaonekana hukuwahi kuondoka huko. Kama hukuiishi, changanya utakavyo.

Hatua ya 2: Tafuta kwa lugha ya aliyeinunua

Kwenye masoko ya mtandaoni kama eBay, Vinted au Depop, muuzaji kijana ataandika "Y2K", yaani mtindo wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuongeza bei. Muuzaji mwenye umri wa mama yake ataandika "blauzi nyeusi ya sherehe, shanga kifuani, imevaliwa mara moja". Mara nyingi ni nguo ileile. Kwa hiyo acha majina ya mitindo, andika kitambaa, rangi, shingo na hafla. Chungulia pia upande wa nguo za kulalia, kwa maana kamisoli nyingi za hariri huishia huko kwa kuwa muuzaji aliona kamba nyembamba na lesi akadhani ni za kitandani.

Kabla ya kulipa omba picha nne: kwapa kwa ndani, lebo, mgongo, na nguo nzima ikiwa karibu na dirisha mchana. Muuzaji anayekwepa picha ya kwapa amekwisha kukujibu.

Hatua ya 3: Soma lebo kabla ya kuamini kwamba ni ya zamani

Viwanda vinatoa nakala mpya za mitindo ya zamani kila siku, nazo huingia mtumbani zikiwa na miaka miwili tu. Lebo husaidia kutenganisha. Ikiandikwa West Germany, nguo ilitengenezwa kabla ya muungano wa Ujerumani wa 1990. Czechoslovakia iligawanyika mwanzoni mwa 1993. Nguo ya Marekani yenye alama ya chama cha wafanyakazi ILGWU ni ya 1995 au kabla, kwa sababu mwaka huo chama hicho kiliungana na kingine na jina likabadilika. Maelekezo ya kufua yalianza kuwa ya lazima huko Marekani mwaka 1972, kwa hiyo blauzi ya Kimarekani isiyo nayo kabisa huenda ni ya kabla ya hapo, au lebo ilikatwa kwa kuwa inawasha. Ukiona anwani ya tovuti, sahau habari za miaka ya 1970.

Zipu nayo inasema. Za chuma ndizo zilizotawala hadi miaka ya 1960, nailoni ilipoanza kuenea. Ila zipu hubadilishwa na fundi, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Angalia kama uzi uliotumika pale unafanana na uzi wa mishono mingine.

Na ikigundulika ni nakala mpya? Si dhambi. Nunua kama umeipenda, ila lipa bei ya nguo mpya iliyovaliwa.

Hatua ya 4: Kitambaa kishikwe kwa mkono

Ukiwa sokoni au dukani, pitisha mkono kwenye henga zote ukiwa unatazama pembeni. Vidole hugundua hariri mapema kuliko macho: mwanzo ni ya baridi, kisha inapata joto la mkono haraka. Poliesta ya satini huteleza zaidi na hubaki vilevile. Hariri iliyofuliwa ili ilegee ilikuwa maarufu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na blauzi zake bado zinapatikana kwa urahisi kwa sababu hazing'ai, mtu anazipita akidhani ni pamba iliyochoka.

Usidharau poliesta lakini. Topu ya poliesta ya 1975 itakuzika, ilhali hariri ya miaka hiyohiyo huenda imeoza kwenye mishono. Kinachopaswa kukuogopesha ni ngozi bandia ya poliyurethani, maana huanza kubabuka kwa umri tu hata kama haikuvaliwa, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kunja kipande kidogo kwa ndani. Kikitoa unga au ufa, rudisha kwenye henga. Sponji za mabega nazo huoza na kumwaga unga, ila hizo ni kazi ya mkasi na dakika chache.

Hatua ya 5: Igeuze ndani nje

Hapa ndipo biashara ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na kwapa. Jasho hudhoofisha hariri, na doa lisilotisha linaweza kuwa limekwisha kula nyuzi. Shika kitambaa pande mbili za doa, vuta taratibu. Ukisikia mlio wa kukatika au ukaona mistari ya mwanga, acha. Madoa ya manjano kwenye nguo nyeupe hutokana na jasho kukutana na aluminiamu ya dawa ya kwapa. Mengine hutoka kwa kulowekwa kwenye maji yenye siki nyeupe, mengine ni ya kudumu.

Kisha shanga na sekwini, yaani zile duara ndogo za kung'aa. Kutokuwepo kwa shanga chache si tatizo. La kuuliza ni zilishonwaje. Kwenye blauzi nyingi za kifahari hupigwa kwa sindano ya kulabu inayoacha mshono wa mnyororo upande wa nyuma. Uzi ukikatika na ukauvuta upande usiofaa, mstari mzima unamwagika sakafuni kama mahindi. Ukiona uzi unaning'inia usiuguse. Nyumbani upitishe nyuma kwa sindano, ufunge fundo, utie tone la gundi ya kitambaa. Shanga za kioo ni baridi na nzito mkononi, za plastiki ni nyepesi na hupata joto upesi. Na kama umebahatika kukutana na nguo ya miaka ya 1930, fahamu kwamba baadhi ya sekwini za wakati huo zilitengenezwa kwa jelatini na huyeyuka zikipata maji. Hiyo haifuliwi, basi.

Malizia na zipu, kulabu na lastiki. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa. Vuta lastiki uisikilize: ikitoa mlio mkavu isirudi, imekufa. Inabadilishika, ila ipunguze kwenye bei.

Hatua ya 6: Pima, namba za saizi zisikuhadae

Namba za saizi zimesogea sana. Mwili unaovaa 8 ya leo ungehitaji namba kubwa zaidi kwenye blauzi ya 1960. Chukua topu yako inayokukaa vizuri, ilaze juu ya meza, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kutoka bega hadi pindo, na upana wa kiuno. Andika vipimo hivyo kwenye simu. Nguo yoyote unayoitaka nayo ipimwe ikiwa imelazwa, kisha linganisha. Kwa kitambaa kisichovutika ongeza nafasi ya kupumua, kwani utakula, utakaa na utacheza.

Kupunguza ni rahisi, kuongeza ni shida. Geuza mishono ya pembeni uone kama fundi wa kwanza aliacha akiba ya kitambaa; nguo za zamani mara nyingi zinayo, za karibuni ni nadra.

Hatua ya 7: Jaribu kama utakavyoivaa

Inua mikono, kaa, inama. Piga picha ukiwa umewasha mwanga wa kamera, kwa kuwa shifoni nyeusi inayoonekana nzito chumbani huwa wazi kabisa ikipigwa na mwanga huo. Jiulize sidiria gani itaingia chini yake. Kama jibu ni "hakuna", hakikisha hilo halikusumbui kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Ukifika nayo nyumbani

Kama huna uhakika na kitambaa, chomoa uzi mmoja kutoka kwenye akiba ya mshono na uuchome juu ya sahani ya chuma. Hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Harufu ya kabati au marashi ya mtu mwingine huondoka kwa kuning'iniza nguo kivulini penye upepo. Isipotoka, fanya kama wanavyofanya wasimamizi wa mavazi ya jukwaani: nyunyizia vodka kidogo upande wa ndani na uache ikauke. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Hariri na vitambaa vyenye spandeksi, yaani nyuzi za kuvutika, visiguswe na dawa ya klorini. Asetati, inayopatikana sana kwenye bitana na satini za zamani, huyeyuka ikikutana na asetoni, kwa hiyo kutoa rangi ya kucha ukiwa umeshavaa ni kujitafutia balaa.

Pasi isikanyage sekwini za plastiki, hujikunja kwa joto, hata la mvuke. Na topu yenye shanga nzito usiitundike, mabega yatavutika na kitambaa kuchanika kwa uzito wake chenyewe; ikunje kwa upole, shanga ziwe ndani, weka karatasi laini kati ya mikunjo na uilaze kwenye droo.