Kabla hujalipia fremu Moshi, tafuta benchi ukae

Wateja wananiita Mangi. Mimi si Mchaga, ni Mpare wa Usangi, na watani zangu hawachoki kunikumbusha kwamba nimejipa cheo cha machifu wa Kichaga, kisicho cha kwetu. Lakini Moshi mwenye duka la mtaani ni Mangi tu, awe Mpare, Msambaa au Mrangi, nami nimeshazoea. Duka langu liko Pasua, mwaka wa saba sasa. Kabla ya hili nilikuwa na jingine jirani na stendi, likafa baada ya miezi kumi na moja. Mtu akiniuliza duka linafunguliwaje huwa naanza na lile lililokufa.

Fremu ile ya stendi, yaani chumba cha duka cha kupanga, nilionyeshwa na dalali, saa nne asubuhi, watu wakipita mbele yake kama siafu. "Kaka, hii ni ya moto. Kuna jamaa kaenda kutoa hela sasa hivi, akirudi nayo mimi sipo tena." Nikalipa miezi sita, laki mbili na nusu kwa mwezi. Dalali akachukua ya mwezi mmoja, na aliyekuwa ndani akataka kilemba ili aniachie shelfu zake, ambazo baadaye niligundua zimeliwa na mchwa. Wiki ya pili nikaelewa kwamba wale watu wanapita kwelikweli. Wanawahi gari la Rombo, la Himo, la Marangu. Mtu anayekimbilia Coaster habebi kilo mbili za sukari na sabuni ya mche. Anataka maji na karanga, na hivyo anauziwa dirishani na vijana wa stendi kabla hajaniona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama: kaa. Ukishaipenda fremu, usimwambie mwenyewe wala dalali. Tafuta mahali karibu yake pa kukaa siku tatu, moja katikati ya wiki, moja Jumamosi, moja Jumapili. Kaa alfajiri mpaka saa mbili, halafu rudi saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku. Mchana wa katikati achana nao, duka la mtaani linakula asubuhi na jioni. Pasua mimi nilikaa kwenye benchi la muuza chipsi, nikanunua chipsi zake siku zote tatu mpaka akaanza kuniongezea kachumbari bila kuombwa.

Usihesabu wapita njia. Hesabu waliobeba kitu, na uandike wametokea upande gani. Halafu watazame watoto wanaotumwa. Mtoto wa miaka saba aliyefumbata sarafu ya mia tano, kikombe cha mafuta mkono wa pili, anakwambia zaidi ya dalali yeyote, kwa sababu mama yake kamtuma duka la karibu kuliko yote anayoyajua. Jioni ya pili nilihesabu watoto kumi na wanne waliovuka barabara kwenda upande wa pili na kurudi, bodaboda zikiwapigia honi. Upande wetu hapakuwa na duka la chakula, palikuwa na saluni, fundi viatu na fremu moja iliyofungwa. Sikuhitaji kusikia kingine. Kesho yake nikamtafuta mwenye fremu.

Hapo usikimbilie kuzungumza bei. Waulize majirani, siyo mwenye nyumba, aliyekuwepo aliondoka kwa nini. Uliza choo. Uliza umeme, na uliza hasa kama LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako. Mimi nilikuta mita moja kwa fremu tatu, na mmoja wa hao watatu ni saluni yenye dryer mbili. Ukigawana sawa na saluni unamlipia mwenzako kukausha nywele za mtaa mzima. Tulikubaliana niwekewe mita ndogo ya kusoma matumizi yangu, ikaandikwa kwenye mkataba, siyo kwa maneno.

Kwenye mkataba kuna jambo linalowaumiza wengi: kodi ya zuio. Unapopanga fremu ya biashara, asilimia 10 ya pango inakatwa na kupelekwa TRA, mamlaka ya mapato, na mkataba wenyewe unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kisheria ile 10 inatoka kwenye fedha ya mwenye nyumba. Wewe ni mkataji tu, unamkatia na kumpelekea. Kivitendo mwenye nyumba atakwambia, "Mimi nataka yangu kamili, hayo ya TRA utajua mwenyewe." Wangu wa kwanza alinijibu hivyohivyo, nikalipa juu yake bila kuwa nimeipangia. Fremu ya laki na kumi kwa mwezi ni 1,320,000 kwa mwaka, zuio lake ni 132,000. Izungumze kabla hujatoa hata shilingi, maana ukishalipa huna sauti.

Makaratasi sitayatolea hadithi ndefu. Kitambulisho cha NIDA ndicho ufunguo. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa na TRA bure, na mtu akikuomba hela ya TIN ujue anakula. Kama unataka jina la biashara lisajiliwe, ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unafanya mtandaoni. Leseni ya duka la kawaida inatoka halmashauri, kwetu ni Manispaa ya Moshi, na siku hizi unaiomba kwenye mfumo wa TAUSI, unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu. Inadumu mwaka mmoja, andika tarehe ukutani. Mizani lazima ikaguliwe na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika kila mwaka. Hilo usilichukulie mzaha, kwa sababu mteja wa Moshi akihisi robo yako ni nyepesi hatakushtaki popote. Atahama, na atahama na ukoo. Weka na debe la taka mlangoni. Mji huu unajivunia usafi wake, na bwana afya hapiti mara moja kwa mwaka.

Kuhusu kodi ya mapato, watu hujidanganya kwamba wao ni wadogo. Chukua kalamu. Mauzo ya mpaka milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, lakini milioni 4 ni kama elfu kumi na moja kwa siku. Duka lenye mkate, sukari na vocha linazipata hizo kabla ya saa tatu asubuhi. Milioni 11, ambapo mashine ya EFD, ya kutolea risiti za kodi, inaanza kukuhusu, ni elfu thelathini na ushee kwa siku. Kwa hiyo karibu kila Mangi unayemjua yuko juu ya mstari. Andika mauzo ya kila siku tangu siku ya kwanza, hata kwenye daftari la shule, kwa sababu asiye na kumbukumbu hukadiriwa. Viwango hivi huguswa kila bajeti ya Juni, hivyo Julai pita TRA uulize.

Sasa hela. Mtaji wangu wa Pasua ulikuwa 3,600,000, sehemu ni akiba na sehemu ni ya kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, cha mke wangu. Zile za kausha damu, mikopo ya riba kubwa, sikuzigusa na usiziguse, duka changa haliwezi kulipa rejesho la kila siku. Fremu miezi sita na dalali, 770,000. Shelfu, kaunta, nondo za mbele na rangi, 640,000. Mizani, taa, na makreti ya soda pamoja na chupa zake (mara ya kwanza chupa tupu unazilipia, watu husahau), 190,000. Makaratasi yote na kodi zake, 200,000. Ikabaki milioni moja na laki nane.

Nusu yake tu ndiyo niliyoingiza kwenye bidhaa. Laki tisa. Duka lilionekana lina njaa, shelfu za juu tupu, mpaka shemeji yangu akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Lile la stendi nililijaza siku moja mpaka darini, miezi minne baadaye nikawa na katoni tatu za biskuti zinazokaribia kuisha muda na sina hela ya kununua unga. Safari hii nilinunua vinavyotoka kila siku, basi: sukari ya TPC mfuko mmoja, unga wa sembe, mchele na maharage kutoka soko la Mbuyuni, mafuta dumu moja la lita 20, chumvi, majani ya chai, viberiti, sabuni ya mche, vocha. Laki tisa nyingine ikabaki kwenye simu ya mke wangu, siyo yangu.

Mwanzoni mwa 2024 niliona faida yake. Mvua za El Niño ziliharibu uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika nchi nzima mpaka Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Kiwanda cha TPC kiko hapo Arusha Chini, na sisi Moshi tukahangaika kama watu wa Mtwara. Wa jumla walikuwa wanauza kwa fedha taslimu tu, hakuna mali kauli, yaani kuchukua mzigo ulipe baadaye. Mimi nilikuwa na hela, nikapata mifuko miwili. Faida yake ilikuwa ndogo kwa sababu ya ile bei elekezi. Ila aliyekuja kufuata sukari aliondoka pia na majani, mkate na sabuni.

Na sasa daftari, ambalo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika hapa juu. Kila mwenye duka ana daftari la madeni. Mimi nina la pili, la walichokosa. Mtu akiuliza kitu sina, badala ya "hamna" nikamalizana naye, ninaandika: kitu, saa, na kama ni mwanamke, mwanaume au mtoto. Kikiulizwa mara tatu ndani ya wiki, kinaingia dukani. Kikiulizwa mara moja, kinasubiri. Hivyo ndivyo zile shelfu za juu zilivyojaa.

Wiki ya kwanza magadi yaliulizwa mara tisa. Tisa! Nimepanga katikati ya Wachaga, watu wanapika kiburu Jumapili, na mimi Mpare nimekaa na aina nne za pipi. Pedi ziliulizwa mara nne, zote usiku baada ya saa mbili, mara mbili na mtoto wa kiume aliyeongea huku akitazama chini, kwa hiyo siku hizi naziweka pembeni ya kaunta, nimeshazifunga kwenye gazeti. Kuna aliyetaka nusu ya mche wa sabuni. Nikanunua kisu. Kipande kina faida kuliko mche mzima, na mwenye mia tano mfukoni hawezi kuusubiri mshahara ndiyo afue.

Hapo kwenye kupima ndipo duka linapopata au kupotea. Mafuta ukipima kwa haraka, kila kipimo kikazidi kidogo, dumu linaisha kabla hela yake haijarudi. Acha kipimo kitulie, acha tone la mwisho lidondoke, mteja anaona. Sukari pima jioni ukiwa umetulia, funga robo na nusu za kesho, halafu mwisho wa mfuko hesabu vifurushi. Mfuko wa kilo 50 ukikupa robo 194 badala ya 200, kilo moja na nusu imekwenda na mkono wako.

Kukopesha utakopesha, usidanganywe na bango la "leo pesa kesho mkopo". Nimeweka mwisho elfu tano kwa nyumba, na la pili haliandikwi kabla la kwanza halijafutwa. Anayekasirika nampa pole. Malipo ya simu usiyaamini kwa meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Kijana mmoja nadhifu alinionyesha meseji ya elfu thelathini na tano, akabeba mchele na mafuta, akaniaga "ubaki salama Mangi". Yangu haijaingia mpaka leo. Angalia salio lako mwenyewe, hata kama nyuma yake kuna foleni.

Msimu. Fungua Oktoba au mapema Novemba. Kuanzia Desemba 20 hivi wenye kwao wanapanda kutoka Dar, mji unafurika, soda hazikai, na kufikia hapo uwe umeshajua mtaa unataka nini. Ukifungua Desemba yenyewe utadhani umetajirika, utanunua kwa wingi, halafu Januari ada za shule zitakukuta na shehena.

Daftari la jana lina matatu: betri ndogo za rimoti, mara ya tatu wiki hii. Sindano ya cherehani. Na mzee mmoja aliyeulizia ugoro, nikamwambia, "Shikamoo mzee, huo sina," akanijibu yule wa ng'ambo ya barabara anao. Betri naleta Jumatatu.