Wakili ukiwa mbunge, jifunze kwanza jedwali la marekebisho

Wakili mwenzangu unayekwenda kuapishwa Dodoma, nakuandikia kwa sababu ya kosa langu la mwanzo. Nilisimama bungeni, nikauchambua muswada kama niko mbele ya jaji, nikapigiwa makofi. Hotuba ile imo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge mpaka leo, lakini sheria haina hata neno langu moja. Sikuwa nimewasilisha jedwali la marekebisho, yaani maandishi yanayoonyesha maneno gani ya muswada yafutwe na yapi yawekwe.

Anza kusoma muswada kutoka nyuma, kwenye madhumuni na sababu, ujue serikali inataka nini. Kisha rudi kwenye ibara uone kama ndicho kilichoandikwa. Mimi hulisaka neno "anaweza". Waziri akipewa ibara inayosema "anaweza kutunga kanuni" za fidia, asipozitunga, mwenye shamba lililotwaliwa atamdai nani?

Ukiona kasoro, wahi kwenye kamati inayouchambua muswada, hata kama wewe si mjumbe. Kule Waziri anaweza kuikubali hoja yako bila kuaibika, akaileta kama marekebisho ya serikali. Mwachie. Najua wakili hupenda ushindi uandikwe kwa jina lake, lakini yule mwenye shamba hajali jina la nani.

Waziri akikataa, andika jedwali, ulifikishe kwa Katibu wa Bunge mapema. Usiandike "ibara iboreshwe". Hapo hakuna cha kupigia kura. Andika: "kwa kufuta maneno 'anaweza kutunga' na badala yake kuweka neno 'atatunga'." Soma pia Ibara ya 99 ya Katiba, maana mambo ya kutoza au kuongeza kodi na ya kuchota Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali yanahitaji pendekezo la Rais kupitia kwa Waziri. Usipoteze usiku kwa rekebisho la namna hiyo.

Kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, Spika huwa Mwenyekiti, nawe umwite hivyo. Muswada hupitiwa ibara kwa ibara, haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo yako ikitajwa uwe umeshasimama. Eleza kwa sentensi tatu, na Kilatini chako cha mahakamani kiache ofisini.

Rekebisho langu la kwanza kupita lilihusu muda wa kukata rufaa: siku 30 zikawa 60. Jioni ile nilimpigia simu mteja wangu wa zamani, aliyewahi kufungiwa mlango wa rufaa kwa kuchelewa siku 4. Kesi yake haikufufuka. Aliniomba nimsomee ibara yote, nikamsomea mara mbili.