Somo: Kusafiri taratibu Bavaria, kwa abasia na marafiki wa zamani

Sista aliyenifundisha uuguzi Peramiho alirudi kwao Ujerumani miaka mingi iliyopita, na tukaendelea kuandikiana barua. Nilipomfuata mara ya kwanza nilikuwa nimejipangia miji sita kwa siku kumi. Nilifika kwake Tutzing, katika jimbo la Bavaria kusini mwa nchi hiyo, nikiwa hoi, tukanywa chai kikombe kimoja, nikatazama saa, nikaaga niwahi treni. Alinisindikiza hadi getini na fimbo yake. Ndani ya treni nililia.

Safari ya pili nilikaa wiki tatu na nikalala sehemu mbili tu. Somo hili linatokana na safari hiyo ya pili. Nawaandikia hasa ninyi wa Ruvuma, Lindi na Mtwara, maana wengi wetu tuna bruda, padre au sista aliyetulea, kututibu au kutufundisha ufundi, na leo yuko kwao, mzee, anangoja mgeni.

Hatua ya 1: Anza na watu, majengo yafuate

Chukua karatasi, andika majina ya unaotaka kuwaona kabla hamjazeeka zaidi. Mbele ya kila jina andika anaishi wapi na saa zipi ana nguvu. Usipuuze hilo la saa. Mtu wa miaka themanini na kitu anazungumza vizuri asubuhi, baada ya chakula cha mchana analala. Wamonaki na masista nao wana saa za sala ambazo hazisogezwi kwa ajili ya mgeni. Waandikie miezi mitatu au minne kabla, uwaulize wao ndio wapange siku. Ukishapata siku zao, ndipo ufungue ramani uone kuna kanisa gani au jumba gani la kale karibu. Bavaria hutakosa.

Hatua ya 2: Karatasi

Viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Mimi nashauri miezi mitatu. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000 za matibabu. Kama pensheni yako ni ndogo, mwenyeji wako anaweza kwenda ofisi ya wageni ya mji wake akasaini dhamana inayoitwa Verpflichtungserklärung, akakutumia nakala halisi. Barua ya mwaliko peke yake haina uzito huo, kwa hiyo mtajie jina hilo kamili asije akahangaika bure.

Hatua ya 3: Makao ya kwanza, St. Ottilien

Kutoka München panda treni ya S4 hadi mwisho wa reli, Geltendorf, halafu kituo kimoja tu kwa treni ya mkoa. Abasia, yaani monasteri kubwa ya wamonaki, ina kituo chake cha reli kabisa, unashuka ukiwa katikati ya mashamba yao. Ina nyumba ya wageni. Andika mapema, sema wewe ni nani na unatoka wapi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na ukitaja Peramiho au Ndanda, misheni zao za kusini mwa Tanzania, utaona nyuso zinavyofunguka.

Hapa ndipo misheni zetu zilipotokea, tusiione kuwa ni abasia ya kawaida. Shirika la Wabenediktini Wamisionari lilianzishwa mwaka 1884, likahamia hapa 1887, na mwaka uliofuata tayari wamisionari wa kwanza walikuwa Pugu. Januari 1889 Pugu ikashambuliwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Peramiho ikaja 1898, Ndanda 1906.

Jumba la makumbusho la abasia lipe nusu siku. Kuna vitu kutoka kwetu na kutoka Korea, walikoenda pia. Mimi nilisimama muda mrefu mbele ya vyombo vya nyumbani nilivyovijua kwa bibi yangu. Binti mmoja aliyekuwa na watoto wa shule aliniuliza kimoja kinatumikaje, nikamwonyesha kwa mikono, watoto wote wakaniiga. Nenda na mtu anayesoma Kijerumani, au uwe na simu yenye programu ya kutafsiri.

Kisha tembea hadi makaburi ya Wayahudi. Mwaka 1941 Wanazi waliinyang'anya abasia, wakaigeuza hospitali ya jeshi. Vita vilipokwisha, Wayahudi walionusurika kwenye kambi za mateso wakaletwa kutibiwa hapa. Tarehe 27 Mei 1945 baadhi yao, wakiwa bado dhaifu, walipiga muziki kwenye majani nje ya jengo kushangilia uhuru wao. Hospitali hiyo ilidumu hadi 1948, na watoto zaidi ya 400 walizaliwa humo. Kama muuguzi, hiyo wodi ya wazazi ndiyo ninayoifikiria kila nikipataja mahali hapa.

Jioni ingia kanisani wakati wa Masifu. Kaa nyuma, nyamaza, wasikilize wakiimba zaburi kwa kupokezana upande na upande. Huna haja ya kujua Kijerumani.

Hatua ya 4: Siku ya ziwa, na siku ya Sista

Ukiwa bado St. Ottilien, tenga siku moja ya Andechs. Panda treni hadi Dießen, uvuke ziwa Ammersee kwa meli hadi Herrsching (meli hazitembei majira ya baridi), halafu upande kwa miguu kwenye bonde lenye miti, kama saa moja. Juu ya kilima kuna monasteri ya Wabenediktini tangu 1455, na mahujaji walikuwa wakipanda kabla ya hapo. Dari la kanisa ni kazi ya mchoraji Johann Baptist Zimmermann. Wamonaki wanapika bia yao wenyewe, na anayekunywa akumbuke kuwa kuna kuteremka.

Tutzing iko kwenye ziwa jirani. Masista Wabenediktini wa Kimisionari walianza 1885, na nyumba yao ya Tutzing ni ya tangu 1904. Siku hiyo usipange kitu kingine chochote. Mimi nilifika saa 3 asubuhi nikaondoka baada ya Masifu ya Jioni. Tulikaa kwenye benchi bustanini, akaniuliza habari za kila mtu wa wodi yetu kwa jina, wengine wameshafariki, tukawaombea palepale. Kiswahili chake bado kina lafudhi ya Kingoni. Alipochoka akalala, nikakaa nikimngoja.

Hatua ya 5: Makao ya pili, Würzburg

Kwa treni ya kasi ni kama saa mbili kutoka München. Würzburg na Mwanza ni miji rafiki tangu 1966, na rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi anafanya kazi huko, kwa hiyo nililala kwake.

Jumba la Residenz lilisanifiwa na Balthasar Neumann. Panda ngazi kuu polepole, simama kila baada ya hatua chache, tazama juu. Dari hilo mchoraji Mwitaliano Tiepolo alilichora mwaka 1752 na 1753, lina mabara manne yaliyojulikana wakati huo, na kila ukipanda bara jingine linajitokeza. Afrika ni mwanamke mweusi juu ya ngamia. Mabomu ya tarehe 16 Machi 1945 yaliteketeza karibu mji wote wa kale, lakini dari hili la Neumann lilihimili.

Siku nyingine nenda Münsterschwarzach, kama kilomita 25 mashariki. Ni abasia ya familia ileile ya St. Ottilien, nayo imetuma watu wengi Peramiho na Ndanda. Neumann alijenga kanisa hapa pia, lakini mali za monasteri zilitaifishwa 1803, na kanisa likabomolewa miaka ya 1820. Wamonaki walirudi 1913, na lile la sasa lenye minara minne lilijengwa 1935 hadi 1938. Angalia ratiba ya basi kabla, hasa Jumapili, maana vijijini mabasi ni ya kuhesabu.

Kuna kanisa la Wies pia, la 1745 hadi 1754, zuri mno. Lakini liko mbali na njia hii. Kama muda haupo, liache.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mtwara: Shikamoo mama. Mimi ni Mwislamu, bruda wa Ndanda alinifundisha useremala. Nitaruhusiwa kulala abasia?

Marahaba mwanangu. Utapokewa vizuri. Waambie kwenye barua kuwa huli nguruwe, maana huko yumo kwenye vyakula vingi. Kanisani si lazima uingie. Omba upelekwe kwenye karakana, bruda wako atafurahi zaidi hapo kuliko popote.

Mwanachama, Iringa: Nauli za treni ndani ya nchi zinaniogopesha. Kuna njia nafuu?

Ipo Bayern-Ticket. Siku moja, treni zote za mikoa Bavaria nzima, hadi watu watano, na kila anayeongezeka analipa kidogo tu. Siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi, Jumamosi na Jumapili tangu usiku. Haikubaliki kwenye treni za kasi. Andika jina lako juu yake kabla ya mkaguzi kufika.

Mwanachama, Songea: Babu wa babu yangu alinyongwa hapa Songea 1906. Nikienda kwenye makumbusho yao nitajisikiaje, mama? Siulizi kwa ubaya.

Umeuliza swali ambalo mimi nilikwenda nalo. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili wa shirika la huyuhuyu Sista wangu. Tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu wakanyongwa na Wajerumani. Fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa pia, bado linatafutwa, na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikuja kwenye makumbusho yetu ya Majimaji kuomba msamaha. Mimi nilimuuliza Sista waziwazi, naye hakukwepa. Alisema utawani walifundishwa majina ya masista wale wawili, lakini majina ya walionyongwa hakuyasikia hadi alipofika Peramiho. Akaniomba nimwandikie yale ninayoyajua. Nimeandika manane. Kama jina la babu yako unalijua, nitumie, natuma barua mwisho wa mwezi.

Mwanachama, Mbinga: Zawadi gani zinafaa kwa wazee wale?

Nyama na maziwa usibebe, watavichukua uwanja wa ndege. Beba kahawa ya kwenu iliyokaangwa na korosho za Tunduru. Beba na picha za Peramiho ya sasa zilizochapwa kwenye karatasi, kubwa, maana macho yao hayaoni vizuri kwenye simu: hospitali, mlango wa kanisa, barabara ilivyotiwa lami. Nyuma ya kila picha andika majina ya waliomo.